Kipimo cha Pili

Kazini walimwita Bi Wastani, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilizaliwa kwenye chumba cha chai, siku mhasibu alipojigamba kwamba wafanyakazi wote wa kituo wana utendaji ulio juu ya wastani. "Haiwezekani," yeye alimkatiza, kikombe mkononi. "Wote mkiwa juu ya wastani, huo wastani umekaa wapi?" Watu walicheka kidogo, kisha wakagundua kwamba mwenzao hachekeshi wala hacheki. Tangu siku hiyo akawa Bi Wastani, na kila alipoingia kwenye chumba kile, watu walikunywa chai yao haraka haraka wakaondoka.

Alikuwa mtakwimu wa kituo cha utafiti wa afya, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, dirisha linalotazama matangi ya maji. Alikuwa mkavu wa maneno, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa na tabia ya kukunja uso kabla hujamaliza unachosema. Nisikufiche, hakuwa mtu rahisi kupendwa. Lakini wale wale waliomsengenya ndio waliompelekea namba zao zilizovurugika, wakajipanga mlangoni na sauti za upole, naye akazinyoosha bila kusema karibu wala samahani.

Mtu mmoja tu kituoni alimchukia waziwazi na hakuona haja ya kujificha, kwa kuwa alikuwa dada yake wa tumbo moja. Huyu kila mtu alimwita Sista: wagonjwa, madaktari, hata mama yao mzazi. Alikuwa muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, mnene, mcheshi, na kicheko chake ulikisikia kwenye korido kabla ya kumwona mwenyewe. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule akaingia chuo cha uuguzi ili mdogo wake aendelee, na mdogo akaendelea kweli, mpaka siku moja mbele ya wakwe wa Sista akasema, "Dada, hiyo siyo asilimia. Usizungumzie vitu usivyovijua." Wakwe walishasahau zamani. Sista hakusahau.

Mama yao aliishi kwa Sista. Bi Wastani alikwenda kumtazama kila Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Sasa, kuna utafiti mmoja wa presha uliowakutanisha hawa wawili, na ni heri usingewakutanisha. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa vidonge tu. La pili lilipewa vidonge na ujumbe wa simu kila asubuhi wa kuwakumbusha kuvimeza. La tatu lilipewa vidonge na muuguzi wa kuwatembelea nyumbani, na kiongozi wa wauguzi hao alikuwa Sista. Mwisho wa yote wangepimwa presha, wastani wa makundi ungelinganishwa, na wafadhili wangeamua kama wauguzi waendelee kuzunguka majumbani au warudishwe wodini.

Kwa Sista hilo halikuwa jambo la kitaaluma. Wodini alikwisha kufanya kazi ujanani na alitoka huko na mgongo mbovu. Tena kule kuzunguka ndiko kulikomwezesha kupita nyumbani mchana, akamlisha mama, akamgeuza, akampa dawa zake, kisha akaendelea na safari. Zamu za wodini zisingemruhusu. Programu ikifa, mama hana wa kumwangalia, na hilo lilijulikana na kila mmoja katika familia ile ndogo.

Bi Wastani alikwenda mapema kwa mkuu wa utafiti, Profesa, mtu wa tai na marashi. "Kiongozi wa kundi la tatu ni dada yangu," alimwambia. "Tafuta mtakwimu mwingine."

Profesa akacheka. "Wewe huoni watu, unaona namba. Endelea na kazi."

Alilisema kama sifa, na yeye, kwa bahati mbaya, alilipokea kama sifa.

Kazi yake watu hawakuielewa na hawakutaka kuielewa. Walidhani kulinganisha makundi ni kuangalia wastani upi uko chini, kisha kupiga makofi. Lakini chukua watu wowote, wagawe makundi matatu ukiwa umefumba macho, usiwape hata kidonge kimoja, na bado wastani wao hautalingana. Kwa hiyo swali siyo kama wastani unatofautiana, maana unatofautiana daima. Swali ni kama tofauti iliyopo kati ya makundi inazidi vurugu iliyomo ndani ya makundi yenyewe. Ndani ya kundi moja yumo mwenye presha ya kutisha na yumo mwenye presha ya kijana, na huo mtawanyiko ndio kelele. Hesabu hiyo, wanayoiita uchanganuzi wa varianzi, kwa maneno ya nyumbani ni kuchukua tofauti iliyo kati ya makundi na kuigawa kwa kelele iliyo ndani yake. Jibu likikaribia moja, huna habari, nenda kalale. Likiwa kubwa, kuna kundi limejitenga na wenzake, na hata hapo hesabu haikwambii kwa nini. Hiyo "kwa nini" haikumsumbua Profesa hata kidogo, kwa sababu alikwisha kujijibu.

Jibu lilipotoka lilikuwa kubwa. Kundi la tatu, kundi la Sista, lilikuwa na presha ya chini kabisa. Habari ilizagaa kituoni kabla ya saa ya chai, wauguzi wa kuzunguka wakakumbatiana kwenye korido, na Sista alipopita mbele ya chumba cha mdogo wake alipunguza mwendo makusudi. "Leo umetoa kitu cha maana," alisema, akaenda zake.

Macho ya Bi Wastani yalikuwa kwenye kitu kingine. Hesabu ile ina sharti lake: kelele za makundi zinatakiwa zikaribiane. Kundi la kwanza na la pili yalitawanyika kama watu wanavyotawanyika, huyu juu, yule chini, mwingine hana mbele wala nyuma. Kundi la tatu lilikuwa limebanana. Na wengi wao walikuwa wamejazana mahali pamoja, chini kidogo tu ya mia na arobaini, ambapo ndipo mpaka ulipo: ukiwa chini yake daktari anatabasamu, ukiwa juu yake anakuongezea dawa. Watu hawaponi hivyo. Ukiona kundi zima limenyamaza, usishangilie, uliza nani kalinyamazisha.

Na hapa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe asingependa lisemwe. Alipoona vile, alifurahi. Alidhani amemshika dada yake anapika namba, na kwa kitambo kidogo, peke yake mbele ya kompyuta, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwaka mzima.

Jumapili alikwenda kwa Sista kama kawaida. Alimkuta amemfunga mama mkanda wa mashine ya presha mkononi. Ilikuwa mashine ya mama mwenyewe, ya aina ile ile ya kazini. Mama alikuwa amekaa kitandani, uso umemsawijika, kwa sababu asubuhi jirani alimtolea maneno machafu kisa kamba ya kuanikia nguo. Mkanda ukavimba, ukanywea, mashine ikatoa namba: mia sitini na mbili.

"Ngapi?" mama akauliza.

"Bado haijasema," Sista akamjibu, akaifuta.

Akamwekea mto mgongoni, akamvua ndala, akaanza kumwigiza yule jirani na kamba yake, mikono kiunoni, sauti ya puani, mpaka mama akacheka machozi yakamtoka. Kisha akampima tena. Mia thelathini na nane.

"Mia thelathini na nane, mama. Presha ya msichana."

Mama akashusha pumzi. Bi Wastani, ukingoni mwa kiti chake, akauliza, "Na ile ya kwanza?"

"Ya kwanza ipi?"

"Uliyoifuta."

"Alikuwa na hasira. Mtu akiwa na hasira hupimi presha, unapima hasira."

"Na wagonjwa wa utafiti unawapima hivi hivi?"

Sista alishtuka, lakini kiburi kiliwahi kufika kabla ya hofu. "Nawapima kama watu. Naingia namkuta mtu kagombana na mkwewe, au kanisikia mlangoni tu moyo umemruka kwa kuogopa namba. Namwambia tulia, tuongee. Ikiwa bado iko juu, tunaongea tena. Ikishuka, naandika. Na wenzangu wote nimewafundisha hivyo."

"Isiposhuka?"

"Inashuka. Kwangu inashuka."

"Wale wengine wanapimwa kliniki, dada. Mara moja. Wametoka kupanda ngazi, wamechoka na foleni, wanakalishwa wanapimwa, basi. Wewe unapima mpaka upate unayoitaka. Halafu mimi niziweke pamoja niseme wauguzi wameshusha presha?"

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimesema namba zako hazilinganishiki na za wenzako."

"Kwako ni kitu kimoja, usizunguke."

Mama akaomba maji. Hakuna aliyemsikia.

"Wakinirudisha wodini," Sista akasema, sasa amesimama, "leo mchana, kesho usiku, huyu atabaki na nani? Na wewe? Wewe wa Jumapili na mkoba wako?"

"Hilo halimo kwenye hesabu."

"Ndiyo maana hesabu yako haina faida kwa mtu."

Bi Wastani alitoka bila kuaga. Njiani alijikuta anamlaani dada yake kwa sauti ya chini, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Sista hakuwa ameiba kitu. Angependelea wizi. Mwizi unajua pa kumshika, lakini mtu aliyeharibu kazi ya watu wengi kwa kuwaonea huruma unamshika wapi? Tena alifanya kwa imani kabisa, akawafundisha na wenzake, akidhani huko ndiko kupima vizuri. Nusu alikuwa sawa, maana mgonjwa anatakiwa kupumzika kabla ya kupimwa, kila kitabu kinasema hivyo. Ila hakuna kitabu kinachosema uendelee kupima mpaka namba ikupendeze.

Kesho yake Profesa alikuwa amekwisha kuchapisha bango la matokeo, picha yake juu kushoto. Alisikiliza maelezo yote ya Bi Wastani akiwa anaangalia lile bango, siyo yeye.

"Basi tuachane na hiyo hesabu yako ya makundi matatu," alisema mwishoni. "Linganisha mawili mawili. La tatu na la kwanza. La tatu na la pili. Jaribu na wanawake peke yao. Utapata kitu."

"Ukilinganisha mawili mawili mpaka uchoke, lazima jozi moja itakuchekea kwa bahati tu. Na namba zenyewe ni zile zile, zimepimwa vibaya. Hata uzigeuze vipi."

"Unajua watu watasema nini? Watasema una kisasi na dada yako."

"Watasema."

"Na watakuwa wamekosea?"

Bi Wastani alikuwa na jibu la kila swali kuhusu makundi yale, lakini hilo hakuwa na pa kulipimia. Angeweza kusema anatetea ukweli, na ungekuwa ukweli. Angeweza pia kukumbuka ile furaha yake mbele ya kompyuta. Alivaa miwani ili apate cha kufanya na mikono.

"Wapimwe upya wote," alisema. "Chumba kimoja, kiti kimoja, muuguzi mmoja kutoka nje asiyejua nani ni wa kundi gani. Kila mtu apumzike sawa na mwenzake, apimwe mara mbili, na zote mbili ziandikwe, zimependeza zisipendeze. Bila hivyo saini yangu hupati."

Bila saini ya mtakwimu wafadhili wasingeipokea ripoti, na Profesa alilijua hilo kuliko alivyojua takwimu. Alikubali kwa shingo upande. Lakini naye hakuwa mtu wa kuacha deni la chuki. Aliita wafanyakazi wote ukumbini akatangaza kwamba vipimo vinarudiwa kwa ombi la Bi Wastani, "ambaye ana mashaka na uaminifu wa wauguzi wetu wa kuzunguka." Neno uaminifu halikuwahi kutoka kinywani mwa Bi Wastani. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusimama kulikanusha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kudhani kwamba ukweli unajisemea wenyewe.

Kuanzia hapo walimwonyesha rangi zao. Kikombe chake kilipotea chumba cha chai, kikaonekana chooni kikiwa na brashi. Wauguzi waliokuwa wakiongea walinyamaza alipopita, wakaendelea akiwa bado anasikia. "Roho mbaya ile, hata dada yake wa damu." "Hajazaa, ndiyo maana." Fundi wa kompyuta, ambaye siku zote aliitengeneza mashine ya Bi Wastani kwa dakika chache, sasa alikuwa na shughuli nyingi. Naye Bi Wastani, badala ya kuinamisha kichwa, alizidi kuwa mkali. Karani aliyechelewesha orodha ya wagonjwa alimsema mbele za watu mpaka yule mama wa watu akalia. Kwa hiyo usimwonee huruma sana. Alikuwa anapigwa, na alikuwa anapiga.

Vipimo vilifanyika chumba cha chini, karibu na stoo, pasipo na ngazi. Waliogoma kuja ni wagonjwa wa kundi la tatu. Walisema wao wanapimwa na Sista, basi. Aliyekwenda kuwaleta mmoja mmoja ni Sista mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba, akijua fika kwamba anawaleta kuja kumwangusha. Kwa nini alifanya hivyo sijui. Labda aliamini presha zao zitamtetea. Alikaa kwenye benchi la nje, mdogo wake amesimama upande wa pili wa korido, na hawakusalimiana asubuhi ile wala zilizofuata.

Kati ya wagonjwa hao alikuwepo fundi cherehani mmoja mstaafu, mzee wa maneno mengi, ambaye alikuwa akimsifu Sista kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Alikaa kwenye kiti, akapumzika kama wengine, akapimwa mara mbili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mara zote mbili ilikuwa juu, juu sana, na yule muuguzi mgeni akamsomea bila kupepesa macho.

"Kumbe," mzee akasema.

Ni hilo tu. Kisha akageuka akamtazama Sista kupitia mlango, na Sista akaangalia sakafu. Nyumbani kwake alikuwa akiambiwa mia thelathini na ngapi, kila mara, miezi yote ile, na kidonge chake kilibaki kile kile kidogo. Bi Wastani aliliona lile jicho la mzee na akatarajia kujisikia mshindi. Hakujisikia chochote cha namna hiyo.

Hesabu ya pili ilitoka kama alivyojua itatoka. Kelele za makundi zilikaribiana, wastani wa makundi ukasogeleana, na jibu la mgawanyo likawa moja na kidogo. Siku ya kikao na wafadhili alisimama akasema wazi, mara mbili, kwamba hii haina maana wauguzi hawafai. Ina maana kwamba kwa watu hawa, kwa muda huu, hatukuona tofauti iliyozidi kelele, na kutoiona siyo ushahidi kwamba haipo. Alisema pia kwamba kuna mambo wauguzi wanayafanya majumbani ambayo hakuna aliyeyapima. Wakati anasema hayo mfadhili mmoja alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Walisikia nusu ya kwanza, iliwatosha.

Programu ilifungwa. Bango lilishushwa, na haukupita muda likapanda lingine, Profesa akieleza namna kituo chake kinavyojali usahihi wa vipimo, picha yake juu kushoto. Bi Wastani alikutana na fundi cherehani getini, amekuja kuchukua vidonge vipya, vikubwa kuliko vya mwanzo.

"Dawa wameniongezea," mzee alimwambia. "Nashukuru. Ila sasa haji mtu."

Kisha akaenda zake.

Sista alirudishwa wodini. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Jumapili ya kwanza Bi Wastani alikuta mlango umefungwa, na sauti ya dada yake ikamwambia kutoka ndani kwamba mama amelala. Jumapili iliyofuata mama alikuwa bado amelala. Alisimama pale nje na mfuko wa machungwa, majirani wakimtazama, na akaondoka nao.

Halafu Jumamosi moja, mchana, akasikia hodi kwake. Alipofungua alimkuta mama ameegemea ukuta wa ngazi, anahema, kanga imemlegea. Nyuma yake mbeba mizigo na godoro, na nyuma ya godoro Sista, amevaa sare ya wodini.

"Zamu yangu inaanza saa nane," Sista akasema. Alipita ndani bila kukaribishwa, akaelekeza godoro liwekwe wapi, akasukuma meza ya kompyuta kwa nyonga. "Usiku nilimwacha peke yake, alfajiri nikamkuta sakafuni. Sirudii tena. Vidonge hivi asubuhi, hivi jioni, asile chumvi. Anaamka kwenda chooni, usilale fofofo. Mashine hii hapa. Mpime nione."

"Dada, tungeongea kwanza."

"Mpime. Si kazi yako hiyo? Kupima sawasawa."

Mama alikaa kwenye kiti kilichokuwa kimoja tu. Bi Wastani akamfunga mkanda, akaufunga kinyume. Sista aliona, hakusema. Ni mama aliyeugeuza mkanda taratibu mpaka ukakaa vizuri. Mkanda ukavimba, ukanywea. Mia na sabini na moja.

"Ngapi?" mama akauliza.

Hakuwa anaangalia mashine. Alikuwa anamwangalia yeye, mdomo wazi kidogo, vidole vimeshika ukingo wa kiti, na alikuwa anaogopa. Bi Wastani alikuwa amepitia namba za presha maelfu kwa maelfu maishani mwake, na hakuwahi hata mara moja kuuona uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ya kwake.

"Mwambie," Sista akasema, amekunja mikono. "Ya kwanza ndiyo hiyo. Usiifute."

"Bado haijasema," Bi Wastani akamjibu mama.

Akaleta mto akauweka mgongoni. Akamvua ndala. Alijaribu kutafuta la kumsimulia, akakosa, kwa kuwa hakuwa na hadithi za majirani, hata majina yao hakuyajua. Mwishowe akamsimulia ile ya mhasibu na wastani. Aliisimulia vibaya, kama mtu anayesoma ripoti, lakini mama alicheka, labda kwa kuona binti yake anahangaika. Wakakaa. Akampima tena.

Mia na hamsini na tano.

Sista alisogea akachungulia, naye akaiona. Mpaka uko palepale, mia na arobaini, na namba ilikuwa haijaufikia wala haikuwa na dalili ya kuufikia leo.

"Ngapi, mwanangu?"

"Mia thelathini na nane, mama," Bi Wastani akasema. "Presha ya msichana."

Mama akashusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa kwenye mto, akafumba macho. Kesho binti yake angempeleka kwa daktari na kumtajia daktari zote mbili, hilo alikwisha kuliamua wakati ulimi wake bado unadanganya. Aliufungua ule mkanda polepole akiwa hataki kuinua uso.

Sista aliokota mkoba wake. Mlangoni akasimama, akasema kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Mimi nilikuwa nasubiri mpaka ishuke. Sikuwahi kuitunga."

Akateremka ngazi kwenda zamu yake, akishikilia ukuta. Mama akaomba maji, na Bi Wastani akaenda kumletea.